Wanamieleka wa Kuniinua

Jumatano, 1 Mei
Mtihani wa historia wa kiwango cha chuo, tunaoufanya tukiwa bado sekondari, ni wiki ijayo. Alama ni moja hadi tano. Nikipata tatu, baba ananipa pikapu ya marehemu babu. Nikikosa, inakwenda kwa Josie, mdogo wangu wa miaka kumi na minne, ambaye ameshapata kibali cha kuendesha hadi shule. Aibu iliyoje!
Sina wasiwasi lakini. Alama hutolewa kwa foleni: mmoja akipata tano, sharti mwingine apate moja. Ndiyo maana Novemba niliwabembeleza Brock, Colby na Tate wa timu ya mieleka wajisajili. Wao chini, mimi juu. Akili ni mali!

Jumatatu, 6 Mei
Balaa! Wanataka kujitoa. Brock anasema hata vita ipi ilitangulia ipi hajui. Nimewaita nyumbani, nimewapa chili, ule mchuzi wetu wa nyama na maharage, na keki za mdalasini, nimewasomesha mpaka sauti imekauka. Colby akauliza nahangaikia nini. Ulimi hauna mfupa, nikawatobolea siri ya foleni. Wakatazamana. Brock akaniambia, "Leland bwana, kumbe kichwa unacho!" Nimefurahi sana.

Jumanne, 7 Mei
Mwalimu Hruska, ambaye kila Juni husahihisha insha za mtihani huu, anadai hakuna foleni. Eti wote tunaweza kupata tano. Eti mashine husahihisha maswali ya kuchagua, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Eti insha ina mwongozo: pointi kwa hoja, pointi kwa ushahidi. Nikamkonyeza. Siri ya kazi haitolewi hadharani. Akaniuliza kama jicho linaniuma.

Ijumaa, 10 Mei
Mtihani! Maswali magumu nimeyaacha wazi, kiungwana. Brock alikuwa anabahatisha mpaka asiyoyajua. Nilimhurumia. Kwenye insha nimempa pole msahihishaji kwa kazi nyingi, nikamwandikia namna ya kupika chili yetu. Huyo lazima atanikumbuka.

Jumatatu, 8 Julai
Brock nne. Colby nne. Tate tatu.
Mimi moja.
Nimelia chooni. Josie ameshachukua funguo. Anasema shule ikifunguliwa nitakaa nyuma ya pikapu, kwenye bodi la mizigo, kwa sababu kiti cha mbele ni cha tromboni, tarumbeta lake refu.
Kosa nimeliona: watu wa chini walikuwa wachache mno.
Ila jioni wanamieleka wamekuja wenyewe, na keki za mdalasini mkononi! Wamenisihi nijisajili nao mtihani wa kemia mwakani. Brock amesema, "Bila wewe, Leland, hatuwezi." Nimekubali papo hapo. Nani angekataa heshima kama hiyo? Tate akauliza kama ninao wenzangu wengine wa aina yangu.
Nikamjibu kwa fahari kuwa kama mimi hakuna.