Mizani Inayoruka Mstari

Kijiji cha Sola, Maswa
Agosti 1999

Meneja,
Kiwanda cha Pamba Nyota Mpya,
Bariadi.

Ndugu Meneja, mwangaluka.

YAH: MIZANI YENU KUNAKILI MAJIBU

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira nzuri zaidi. Mimi ni Novatus Sayi, mkulima wa pamba na msomaji wa kila gazeti linalofungiwa sukari hapa kijijini. Soko huria lilipotangazwa nilishangilia, maana mizani ya zamani ilikuwa na karani mwenye kidole kizito. Mkatuletea mizani ya umeme isiyo na kidole. Kumbe ina tabia mbaya kuliko kidole!

Majuzi ilizimika. Karani wenu, binti Goodness, akaipeleka kwa Mihayo, fundi redio wa Binza. Mihayo akaunganisha kile kidude cheusi cha ndani na kompyuta yake ya mtumba, akasoma yaliyomo, kisha akaiwasha tena mizani. Nilikuwepo, na nina haya:

1. Mizani haipimi. Furushi likikaa juu, kidude kinapata namba fulani isiyo kilo. Kisha kinakimbilia jedwali lililochomwa kwenye kumbukumbu yake, kinatafuta mstari wa namba hiyo na kunakili kilo zilizoandikwa pale. Mtoto akifanya hivyo kwenye mtihani wa darasa la saba anafukuzwa. Ninyi mmemwajiri.

2. Jedwali hilo liliandikwa ng'ambo kabla hatujapanda. Maana yake kilo za mke wangu Klementina zilijulikana yeye akiwa bado anapalilia. Kama mlijua, mbona hamkumwambia apumzike?

3. Halifutiki. Umeme ukikatika halisahau. Vyama vimekuwa vingi, bei inapanda na kushuka kama panzi, lakini jedwali limekaa madarakani bila uchaguzi. Nadai lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na Kisukuma, na kila mstari upigiwe kura.

4. Hili ndilo kubwa. Kidude hakianzi kuhesabu mistari pale mwandishi wa jedwali alipoanzia. Kinafanya kama baba mkwe wangu, mzee Mboje wa Kimali: ng'ombe wakiingia zizini, analiacha dume la mbele bila kulihesabu kwa kuogopa husuda, anaanza na anayefuata. Basi mizani nayo, kila furushi, inaruka mstari mmoja. Dume la mzee Mboje hulala zizini kwake. Kilo yetu iliyorukwa imelala zizi la nani?

Klementina anangojea pamba hii imwezekee nyumba bati kabla ya mvua. Msipokuja kurekebisha upesi, Sola nzima itabeba mafurushi kwa mnunuzi mwingine. Huo ndio uhuria mliotufundisha wenyewe.

Msalimie mhasibu, walinzi wa getini, na mashine zenu zote zinazofanya kazi bila kunakili.

Wako katika jembe na hoja,
Novatus Sayi

Baada ya sahihi: Nilimsomea Klementina barua hii nikitegemea machozi. Alicheka mpaka akaangusha ungo. Alisema, ng'wana Sayi, aliyeruka mstari amekwenda mbele, hakurudi nyuma. Nikabishana naye njia nzima hadi kituo chenu cha kununulia pamba. Goodness akaweka juu ya mizani mfuko wa saruji wa kilo hamsini, haujafunguliwa. Mizani ikasema hamsini na moja. Tukaugeuza mfuko, ikashikilia msimamo wake.

Kwa hiyo naondoa hoja zote nne. Jedwali lisiguswe, lisisomwe mkutanoni na hasa lisipigiwe kura. Mihayo anasema dawa pekee ni kidude kipya kutoka ng'ambo. Ukweli nimekueleza kiungwana. Haraka ya kuagiza sikuombi, na Klementina ameshakwenda kuchagua bati.

Barua naituma kwa sababu nimeshaibandika stempu. Ukifika kwenye malalamiko, fanya kama mizani yenu: ruka.