Vita vya Kisanduku Kimoja katika Idara ya Samani

Sogeeni, enyi mliowahi kusubiri saini mpaka kiatu kikabana, nanyi mliowahi kukalia kiti kibovu mkajifanya hamkuhisi kitu! Zimeni simu, zimeni na feni, msikie habari za Bi Ushahidi, Msimamizi wa Viwango vya Tathmini na Modeli za Fedha katika idara zote za serikali, mvunja-makisio, mwanamke asiyetishwa na jedwali lolote, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutilia shaka. Msikie jinsi alivyopanda ghorofa ya tatu asubuhi ya Ijumaa kuikabili namba moja iliyokaa mahali pasipo pake.

Jina hilo alilipata kwa swali lake. Hakuna faili lililopita mezani pake bila kuulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Hata mumewe, siku aliyomwambia anampenda, aliulizwa hivyohivyo, naye, kwa kuwa alikwisha kumzoea, akainuka akaenda kuosha vyombo.

Basi Idara ya Samani ilikuwa imeunda modeli ya kukisia viti na gharama zake kwa miaka kumi. Hesabu ya kila mwaka ilizaliwa na hesabu ya mwaka uliotangulia, kama Mwongozo wa Viwango unavyoamuru, isipokuwa ya mwaka wa sita. Humo, ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali, mtu alikuwa amefuta fomula akaandika kwa mkono wake: viti elfu tisa. Watumishi walikuwa mia sita! Kila mmoja angepata viti kumi na vitano, akalie kimoja, vile vingine avitazame. Na alasiri hiyo modeli ilikuwa iende Hazina, ghala la kuvihifadhi viti hivyo lijengwe, na saini chini yake iwe ya Bi Ushahidi.

Lakini mkurugenzi wa Samani, enyi wasikilizaji, alikuwa Shangazi yake, dada wa babake, aliyemlea tangu akiwa hajaota meno. Na Shangazi hakuwa mtu wa kukosolewa. Mjomba mmoja aliwahi kuthubutu, kwa habari ya chumvi tu, na mpaka leo husalimiwa kwa kidevu.

"Shikamoo, Shangazi," alisema shujaa wetu mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo. Kaa."

Hakukaa. Alisimama wima, akavaa miwani ya kutilia shaka, akanena: "Ewe mlezi wangu, uliyenifunga kamba za viatu na kunipangusa makamasi! Leo sikuja kama mtoto wako, nimekuja kama Viwango. Katika mwaka wa sita ipo namba isiyo na baba wala mama. Naidai nasaba yake!"

Karani aliyekuwa akibana karatasi aliiacha stepla hewani. Shangazi akainuka polepole, akavuta mtandio begani kama avutaye ngao.

"Namba yangu unaidai wewe? Wewe, niliyekuhesabia vidole vya miguu kabla hujajua kuwa ni vyako? Rudi ulikotoka, mwambie huyo Viwango kwamba nimekataa!"

Bi Ushahidi hakurudi. Aliunyosha mkono akakishika kipanya cha kompyuta. Na Shangazi naye akakishika. Hapo vita vikawaka! Kishale kikakimbia huku na huko kwenye kioo kama kuku aliyeona kisu, kikafungua kalenda, kikafunga kalenda, kikataka kuchapisha kurasa mia mbili. Printa ikanguruma. Jasho likawatoka wote wawili, wala hapana aliyelegeza.

Mwisho Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mtoe karani."

Karani akatoka, shingo imebaki ndani. Mlango ulipofungwa, Shangazi akakaa.

"Fomula ilileta viti hasi mia nne," alisema. "Hasi, mwanangu! Mtu anakaliaje kiti hasi? Nikaona haya. Nikaandika namba yenye heshima."

Kicheko kilimpanda Bi Ushahidi mpaka kwenye meno, akakimeza. "Mbona hukuniita?"

"Nikuite wewe? Jengo zima linakuogopa. Mimi nimekulea, lakini barua zako zinanitia tumbo joto."

Neno hilo lilimpata pale ambapo hana ngao. Akavua miwani, akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na Shangazi yake kama zamani walipofanya hesabu za shule.

"Nipigie simu ukikwama," alisema. "Barua sitaandika. Haya, tuanze juu."

Wakashuka mstari kwa mstari, mpaka wakamkuta adui kwenye maficho yake. Kila viti vilipopelekwa ukumbini kwa mkutano, modeli ilivitoa, viliporudi, haikuvirudisha. Mikutano ilikuwa ikimeza viti vya serikali, na kufikia mwaka wa sita ilikuwa imeanza kumeza hata visivyokuwepo! Bi Ushahidi akaongeza mstari mmoja wa kuvirudisha viti, akaujaribu mara mbili, kisha akausogeza mkono wake kando.

"Namba ni yako, Shangazi. Ifute mwenyewe."

Shangazi akainua kidole. Printa ilinyamaza. Kidole kikashuka, na elfu tisa ikaanguka isiinuke tena! Mahali pake pakatokea mia sita na tatu: viti vya watumishi wote, na vitatu vya wageni.

Shangazi akakitazama kisanduku kwa muda. "Na wageni wakija wanne?"

"Tutafanya tathmini."

Wakacheka mpaka karani akafungua mlango akidhani wanalia. Alipoambiwa ushindi uliopatikana, aliutangaza katika ukumbi mzima wa ghorofa ya tatu, na watu wakapiga makofi wakiwa wameketi, kila mmoja kwenye kiti kimoja.

Alasiri modeli ikaenda Hazina. Nayo Hazina, isiyojibu wakubwa wala wadogo, Hazina ambayo barua huingia zikazeekea humo, ilijibu siku hiyohiyo kwa neno moja: "Imepokelewa." Hebu litajeni neno hilo kwa sauti, enyi mliosikia, maana katika historia yote ya utawala hapana shujaa aliyepewa sifa kuu kuliko hiyo.