Upanuzi Salama wa Diski ya Foleni

Ofisi ya Uratibu wa Foleni za Malori, Tunduma, ina furaha kuutangazia umma kwamba seva yake imejaa. Tangazo hilo lilibandikwa getini Jumatatu asubuhi, likiwa na mihuri miwili, na lilifafanua kwamba kujaa huko ni dalili ya mafanikio.

Tulinagwe, mtaalamu pekee wa kompyuta ofisini, alilisoma akashusha pumzi. Seva ile, kompyuta ya kukodi mtandaoni inayotunza orodha ya foleni, haikuwa na nafasi hata ya kuandika namba ya gari moja. Na lori lisiloandikwa halipewi zamu. Foleni ilikuwa imeshafika Mpemba, nje kidogo ya mji.

"Dada, vitunguu vyangu vimeanza kuota majani," dereva Athuman alimwambia dirishani. "Wiki moja tena, navuna humu humu kwenye lori."

Tulinagwe akaenda kwa Mratibu Mkuu, Mheshimiwa Edson.

"Ni kazi ya dakika ishirini, Mheshimiwa. Nachukua nakala ya akiba, naongeza diski, nasogeza mpaka, halafu nakuza mfumo wa mafaili ujaze nafasi mpya."

Edson akavua miwani. "Unasogeza nini?"

"Mpaka."

"Mpaka! Hapa Tunduma! Binti, unataka kutugombanisha na Wazambia?"

Akaelezwa kuwa ni mpaka wa ndani ya diski. Alielewa vizuri sana, ndiyo maana jioni hiyohiyo akaunda Kamati ya Upanuzi Salama, wajumbe kumi na mmoja.

Kamati ilichapa kazi. Siku ya kwanza ilijadili chai. Siku ya pili iliomba kuiona seva. Ilipoambiwa ni seva pepe, haishikiki wala haionekani, mjumbe mmoja akashauri waitwe sheikh na mchungaji, kwa uwiano. Siku ya tatu iliafiki hoja ya nakala, mradi ziwe tatu na zigongwe muhuri. Siku ya nne wajumbe wawili walikwenda Mkwajuni kwa bodaboda kujifunza upanuzi salama kwa wachimba dhahabu. Walirudi na ripoti kwamba nguzo za miti ni muhimu.

Tulinagwe alikunywa maji, akahesabu hadi kumi. Kisha akachukua nakala ya akiba bila kikao, akaijaribu pembeni, ikafunguka.

Siku ya tisa kibali kilitoka, kwa sharti kwamba kazi ifanyike hadharani, mbele ya mgeni rasmi kutoka mkoani, Bi. Stumai. Turubai likafungwa, skrini kubwa ikawekwa. Madereva walijaa, maana hawakuwa na pa kwenda.

Tulinagwe aliongeza diski. Akasogeza mpaka, Zambia haikulalamika. Akakuza mfumo wa mafaili, nafasi ikawa mara mbili, na foleni nzima ikapiga honi.

Edson aliona shangwe zinamwendea binti, akanyakua kipaza sauti.

"Hatuwezi kupanua kila siku bila kujua nani anatujazia! Binti, tuonyeshe mhusika. Naagiza, hata awe nani, aondoke leo na kila kilicho chake!"

"Mheshimiwa, labda tukaangalie ofisini..."

"Hapa hapa! Uwazi!"

Tulinagwe akabonyeza. Malori yote ya mwaka mzima yalichukua asilimia tatu ya mafaili. Tisini na saba zilizobaki zilikuwa kwenye folda moja: "Mratibu Akihutubia". Video mia nne na kumi na mbili. Ya kwanza ikafunguka yenyewe: Edson mbele ya kioo cha ofisi, anajipigia makofi.

Athuman akapaza sauti kutoka nyuma.

"Sasa mzee, tunaanza kutoa kipi? Wewe au vitunguu?"

Turubai zima likaangua kicheko. Bi. Stumai akafungua daftari lake. "Mheshimiwa, agizo lako nimelisikia. Ni zuri mno. Unahamia Ndalambo, kijijini kule wanahitaji mtu wa kuhutubia."

Agizo likatekelezwa kwa ufanisi. Alasiri vitu vya Edson vilikuwa vimepakiwa kwenye Fuso, lakini kwa mujibu wa kanuni aliyoisaini mwenyewe, gari lolote lenye mzigo hutoka Tunduma kwa zamu. Tulinagwe akamwandikisha bila upendeleo: nafasi ya mia tatu na kumi na sita. Diski ilimpokea bila shida.