Kitanda Kiko Kazini

Baraza la Afya lilipotangaza kwamba kila zahanati isiyo na kitanda cha kuzalishia na mtungi wa oksijeni itafungwa, wenye zahanati walishika vichwa. Kibali, dalali wa mtaani, alishika simu.

Alinunua kitanda kimoja na mtungi mmoja, basi, akavikodisha kwa zamu. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mmoja, na alipokuwa akinywa chai, vifaa vilivuka mtaa kwa mkokoteni kumsubiri kwenye zahanati inayofuata. Serikali haikumpendelea mtu. Ilikagua vitu, maana vitu havina mjomba wizarani. Ndivyo jamaa aliyekuwa akiuza matairi hadi mwaka jana alivyokuwa mbioni kupata leseni ya kuzalisha.

"Mimi nasaidia sekta," Kibali alimwambia mkewe, aliyekuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote, akamtajia kwa kicheko wateja wake wote.

Aliyekuwa hatarini kweli ni mkunga wa mtaa wa nyuma. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa juu ya kitanda cha mbao, na mbao haimo kwenye kanuni.

"Dada, leseni yako ninayo mimi," Kibali alimwambia. "Vifaa vinakaa asubuhi tu. Mchana ni zamu ya muuza matairi."

"Na kitanda kikiwa na mtu?"

"Mtu wa nini? Hicho ni cha kukaguliwa."

Mkunga akakubali. Mkaguzi alikuja, akatikisa kitanda, akaupigapiga mtungi, akagonga muhuri. Adhuhuri Kibali akafika na mkokoteni.

"Kuna mama ana uchungu," mkunga alimwambia mlangoni.

"Mhamishie cha mbao."

"Mwambie mwenyewe."

Kibali akavuta pazia. Aliyelala pale, jasho likimtiririka, alikuwa mkewe.

"Mbona hukwenda kwa muuza matairi? Si ndiko karibu na nyumbani?"

"Si uliniambia hana hata kitanda?" Akavuta pumzi kwa shida. "Na mimi nimesikia unanipeleka kwenye mbao."

Mkunga alikuwa ameshamvika barakoa ya oksijeni. Akafungua mtungi. Kimya. Akafungua zaidi, akamtazama Kibali.

"Haujawahi kujazwa," Kibali akasema, na kwa mara ya kwanza katika biashara ile akaogopa.

"Basi kaujaze."

Aliusukuma mkokoteni mwenyewe, mbio, shati limetoka nje ya suruali. Simu ikaita njiani.

"Mkaguzi amefika," muuza matairi alinong'ona. "Kitanda kiko wapi?"

"Kiko kazini," Kibali akajibu, akakata.

Mtungi uliojaa ulifika kwa wakati, na kabla ya jioni mtoto wa kike alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Kibali akafuta machozi, akakohoa.

"Sasa, dada, kuhusu vile vifaa."

"Mkaguzi ameviandika ni vyangu," mkunga akasema, akitandika shuka safi kwa mama aliyekuwa akisubiri mlangoni. "Kama ni vyako, nenda Barazani ukawaeleze vilifikaje hapa."

Kibali akafikiria maelezo hayo angeyaanzia wapi. Kisha akakaa kwenye benchi, akaomba apewe mwanawe ambebe.