Kisigino cha Mzee Mdogo

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nawe unayepita na ndoo kichwani ukijifanya huna muda! Itueni mizigo, zimeni simu, mbembelezeni mtoto anyamaze, kwa maana leo nasimulia vita ambavyo majemadari hawakuvisikia na wanahistoria walivipita wakiwa wamesinzia: vita baina ya kisigino kimoja cha mwanadamu na tundu moja la kutolea maji, vilivyopiganwa Jumamosi moja tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano na ushei, bila upanga, bila farasi na bila soksi. Nawe kalamu yangu, nakusihi, usikauke katikati ya habari kama yanavyokauka mabomba.

Shujaa wetu alikuwa mmisionari wa miaka kumi na tisa, mwenye shati jeupe, tai ya bluu, beji nyeusi kifuani, na ndevu kumi na moja alizozihesabu kila alfajiri mbele ya kioo. Katika kanisa lake vijana wa kazi ile huitwa Mzee, hata wenye chunusi, na kwa kuwa mwenzi wake alimtangulia kwa miezi mitano ya utumishi, yule akaitwa Mzee Mkubwa na huyu Mzee Mdogo. Miezi minane alikuwa ameuzunguka mji kwa miguu, akabisha hodi kwenye milango mia nne na kitu, akakimbizwa na mbwa saba na bata mzinga mmoja, akawabebea watu matofali, akapaka rangi uzio wa watu ambao hawakutaka kusikia neno lake hata moja; na katika miezi yote hiyo hakuwa amembatiza mtu. Mama yake hakuuliza. Lakini kila Jumatatu walipoongea kwa simu, kulikuwa na mahali ambapo mama alivuta pumzi na kuishikilia kidogo, halafu akauliza habari za chakula.

Ndipo akatokea Bibi Mshonaji, malkia wa cherehani, mwanamke wa miaka sabini ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga pedali kwa miaka arobaini bila kuomba likizo. Aliwasikiliza vijana wale akiwa anashona, akawabishia akiwa anashona, na siku alipoamua kubatizwa hakuinua hata kichwa. "Atakayenizamisha ni huyu mdogo," akasema. "Mkubwa anaongea sana."

Lakini mara mbili ubatizo uliahirishwa. Mara ya kwanza maji yalikatika mji mzima. Mara ya pili mjukuu wake, dereva wa lori, ndugu pekee aliyembakia duniani, aliharibikiwa na gari njiani, na Bibi akagoma kuzamishwa mbele ya viti vitupu. Sasa mjukuu alikuwa amepata nafasi ya asubuhi moja tu. Saa sita juu ya alama alitakiwa awe barabarani na mzigo wake. Bibi akatoa tamko ambalo vijana wale walilibeba moyoni kama risasi: "Mara mbili nimelikunja gauni langu jeupe likiwa kavu. Mara ya tatu silikunji. Nalikata foronya."

Basi Jumamosi ile, saa mbili kamili, wakaingia kanisani kukijaza kisima cha ubatizo, ambacho ni shimo la vigae lenye ngazi tano, nyuma ya milango ya kukunja. Ubatizo ulikuwa saa tano. Bomba lilitoa maji kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu, halitoi zaidi, na kisima kilihitaji karibu kila tone la muda huo ili maji yafike kiunoni. Mzee Mkubwa akavua viatu, akashuka, akakodolea macho kona ya kulia, mahali pa tundu. Akapapasa kushoto na kulia.

"Mzee Mkubwa," akanena shujaa wetu, kwa sauti ya mtu anayefungua lango la ngome mbele ya adui, "usikitafute kizibo. Jumatatu, siku yetu ya kufua, nilikiazima. Sinki letu halina kizibo, nami nilitaka tuonekane safi mbele ya watu. Kiko nyumbani, ndani ya sinki, na juu yake kuna soksi zangu."

"Umechukua kizibo cha kanisa ukafulia soksi?"

"Na mashati mawili. Moja lilikuwa lako."

Mzee Mkubwa akalitazama shati lake, ambalo kweli liling'aa. Ikafuata halmashauri ya vita. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa mbili, hata ukibahatika gari. Mmoja kwenda na mwingine kubaki? Haiwezekani! Kanuni ya misheni iliwataka wenzi wasiachane hata nusu saa, kila mmoja amwone mwenzake au walau amsikie. Wote wawili wakienda, watarudi maji yamebakiza nusu saa. Na mlinzi wa jengo, muumini wa siku nyingi mwenye goti bovu, hakuruhusiwa kuliacha lango.

Wakafungua bomba kidogo, wakaanza mashambulizi. Wakatupa uwanjani kifuniko cha chupa ya chai, kikaelea. Wakatuma mfuko wa nailoni; ukapasuka. Hatimaye Mzee Mdogo akavua soksi yake ya kushoto, akaiviringisha kwa uchungu, akaishindilia kwenye lile tundu, na tundu, bila hata kusema ahsante, likaimeza. Wakabaki wanaangalia mahali ilipokuwa.

Hapo ndipo shujaa wetu, akiwa amevimba kwa hasira na aibu, alipokanyaga tundu kwa kisigino kitupu kama mtu anayeponda mende. Na maji yakasimama. Akainua kisigino, yakaenda, akakirudisha, yakasimama. Kisigino kile, kilichotembea mji mzima bila kupata cha maana, kilikuwa sawasawa na lile tundu, utadhani fundi alilipima kwake.

"Mzee Mkubwa!" akapaza sauti. "Fungua bomba mpaka mwisho! Niletee stuli! Mimi nilikiondoa kizibo, mimi ndiye nitakuwa kizibo!"

Akabadilisha nguo, akavaa nyeupe za kubatizia, akaketi juu ya stuli ya plastiki kwenye kona ya kisima, kisigino tunduni, na mzingiro ukaanza. Maji yalikuwa baridi kama ya friji. Yakapanda kifundo cha mguu, yakauteka muundi, saa tatu na nusu yakavamia goti. Mzee Mkubwa aliketi kwenye ngazi akimsomea maandiko, na alipobanwa na haja ndogo, kanuni ya kusikika ikabidi iheshimiwe: akaenda chooni akiimba tenzi kwa sauti ya juu, naye mzingirwa akaitikia kutoka kisimani, ubeti kwa ubeti, mpaka mwenzi akarudi salama.

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Mzee, humo ndani unafanya nini?"

"Nalinda," akajibu Mzee Mdogo, meno yakigongana.

"Aa. Kumbe kazi yetu moja," akasema mlinzi, akarudi langoni kwake.

Saa nne na nusu bomba likakohoa, likakata roho. Maji yalikuwa yamefika kiunoni, hayakuzidi hata kwa kikombe. Lakini adui alikuwa amelipiza kisasi kwa siri: mguu wa shujaa ulikufa ganzi, kuanzia gotini kwenda chini.

Saa tano ilipogonga, viti kumi na viwili vikajaa. Mjukuu, dereva wa lori, akaketi mbele kabisa, kofia mkononi, jicho moja kwenye saa. Bibi Mshonaji akatokea na gauni jeupe alilolishona mwenyewe, lenye pindo zito, na milango ya kukunja ilipofunguliwa watu wakamwona mbatizaji amesimama konani, mweupe, akitetemeka, kama kitu kilichosahauliwa humo. Stuli ilikuwa imeondolewa, lakini kisigino hakikusogea.

Katikati ya kisima ndipo watu hubatizwa. Konani hapana nafasi ya kumlaza mtu vizuri. Mzee Mdogo alilijua hilo tangu saa tatu, na tangu saa tatu alikuwa akiitafuta hotuba hii.

"Bibi," akanena, "ulinichagua mimi, na heshima hiyo sikuistahili. Mimi ndiye niliyechukua kizibo. Nikitoka hapa nilipo, maji yataisha kabla hujafika ngazi ya tatu. Basi akubatize Mzee Mkubwa pale katikati, nami nibaki konani niwashikilie maji. Nimeridhika." Hakuwa ameridhika hata kidogo, na kila mtu aliona.

Bibi Mshonaji akamtazama Mzee Mkubwa, aliyekwisha kukunja mikono ya shati tayari. Akamtazama yule wa konani.

"Wewe huwezi kuja kwangu?"

"Siwezi, Bibi."

"Basi kuna nini? Mimi miguu yangu yote ni mizima. Nakuja mwenyewe."

Akashika ukuta, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akayakata maji mpaka konani, akasimama mbele ya shujaa. "Fanya," akasema. "Maji baridi haya."

Mzee Mdogo akainua mkono wa kuume, akatamka maneno bila kukosea, akamlaza majini kwa kumkunja kidogo ili atoshe. Gauni halikuelea, maana Bibi alikuwa ameshonea vifungo vya chuma ndani ya pindo. Lakini kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kikapanda juu, kikachungulia dunia. Na kwao, kitu chochote kikibaki juu, hata kidole, ubatizo unarudiwa.

"Kidole!" akapiga kelele mlinzi, aliyekuwa shahidi pamoja na Mzee Mkubwa, na lango siku hiyo likajilinda lenyewe.

Wakati huohuo kisigino kikateleza. Tundu likaguna, likacheka, likaanza kunywa. Maji yakazunguka konani na kushuka, kigae kimoja kikajitokeza, kisha cha pili, naye shujaa akapapasa chini kwa mguu ambao ungeweza kuwa wa mtu mwingine.

"Bibi," akamnong'oneza, machozi yakimlengalenga, "mguu siusikii. Sijui niko juu ya tundu au juu ya kigae."

"Tulia," akasema Bibi Mshonaji, maji yakimchuruzika puani. "Mimi nasikia."

Na hapa, wasikilizaji, vueni kofia! Akaushusha mguu wake wa kulia, ule wa miaka arobaini, ukapapasa sakafu, ukalikuta tundu, ukakikuta kisigino kimepotea njia, ukakivuta taratibu kama anayeingiza kitambaa chini ya sindano, mpaka kikakaa. Kisha akakikanyaga kwa juu. Tundu likanyamaza katikati ya funda.

"Sasa kaza. Mguu usiondoke kwenye pedali kabla mshono haujaisha."

Akaweka na wa kushoto juu ya wa kulia, miguu mitatu imebebana. Maji yalikuwa yamepungua kwa vigae vitatu, lakini alijikunja zaidi, mbatizaji akatamka tena, akamlaza tena, na safari hii hakikupanda kitu. Vidole vyote kumi vilikuwa chini, kazini. Mlinzi aliinama mpaka goti bovu likalia, akatazama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali.

Bibi akaibuka akicheka, akajifuta uso, akamtafuta mtu mmoja tu. "Umeona?"

Mjukuu alikuwa amesimama, kofia ameikandamiza machoni. "Nimeona, Bibi," akasema. "Mara zote mbili."

Alipotulia akasogea ukingoni, akauliza tundu lile lina nini, akaelezwa yote, tangu soksi hadi kisigino. "Sasa si mngenipigia simu?" akasema. "Nina kipande cha tyubu kwenye lori. Ningewakatia kizibo kwa dakika mbili." Mzee Mkubwa akaanza kukagua dari. Dereva akambusu bibi yake kwenye paji la uso lililolowa, na saa sita juu ya alama lori lilikuwa barabarani.

Kisigino kiliinuliwa saa tano na dakika arobaini, kikiwa na duara jekundu katikati kama muhuri wa serikali. Maji yakaondoka kwa kelele, na hakuna aliyeyazuia. Karani wa kanisa akafungua daftari lake, akaandika tarehe, jina la aliyebatizwa na jina la aliyebatiza. Kisha, penye nafasi ya maelezo, akafikiri kidogo, akaandika: *Maji yalitosha.* Ndiyo yote yaliyobaki ya vita vile katika kumbukumbu rasmi, na ndiyo sababu mimi nimekuiteni hapa.

Jumatatu simu ikalia. Mzee Mdogo alikuwa anafulia kwenye ndoo, maana kizibo kilikuwa kimesharudi kwao kanisani. Mama akauliza afya, akauliza usingizi, akafika mahali pake, akavuta pumzi na kuishikilia.

"Yule bibi wa cherehani, Mama," akasema mwanawe. "Nilimbatiza mimi."

Pumzi ile ikatoka yote kwa mara moja, ikawa vigelegele, mpaka Mzee Mkubwa akavisikia chumba cha pili na jirani wa mama akaja kuuliza kuna nini. Naye shujaa, jabari wa kona ya kulia, mlinzi wa maji, akasimama pale na povu mikononi, kisigino cha kushoto kikimuuma bado, akamwacha mama apige mpaka achoke.