Sabuni Iliyokosa Jina

Katika kiwanda kizima cha sabuni, mtu aliyejua lugha zote za dunia alikuwa mmoja tu, karani wa stoo, na hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza hata moja ya hizo za mbali. Walimwita Kamusi. Sifa ilianza siku fundi mitambo, aliyesomea ng'ambo, alipomsimulia kwamba kuna watu ambao kwao "mama" maana yake ni baba. Mwenzetu akalidaka hilo moja, akalifanya shahada.

Basi ikaja sabuni mpya. Mama Mkurugenzi aliogopa jina litakalochekwa huko itakakouzwa, akamwambia Kamusi apitishe moja kabla ya Ijumaa, maboksi yachapwe, naye apewe kiti cha msimamizi. Kiti chenyewe kinazunguka! Kamusi alishakikalia mara mbili kwa siri.

Ungedhani angepitisha jina la kwanza. Thubutu! Mtaalamu akikubali upesi hivyo, nani atajua kuwa ni mtaalamu? Yaliletwa majina ishirini na tisa, yote akayachinja. Hili kwa watu fulani ni jipu. Lile kwa wengine ni mkwe mlevi. Ukimuuliza ni watu gani hao, anafumba macho na kusema wako mbali sana. Fundi mitambo alikuwa akisikia yote, anafuta grisi mikononi.

Ijumaa asubuhi Mama Mkurugenzi akaja na karatasi yake mwenyewe. Imeandikwa: Tulia.

Kamusi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Hili ndilo baya kuliko yote, Mama. Kuna lugha ambamo tulia ni kwapa la beberu."

"Bi Tulia ndivyo watu walivyomwita marehemu mama yangu," alisema yule mama taratibu. "Sabuni ya kwanza aliipika yeye, kwenye sufuria yake. Ni lugha gani hiyo?"

Kamusi akaitafuta lugha. Majina ya lugha aliyoyajua yalikuwa manne, na nchi zake zote fundi alishazikanyaga, angemuumbua. Akasema ni ya mbali.

"Haya. Na kwa ile nyingine ya mbali, mama ni baba. Leo nasema nawe kama mama na kama baba. Beba katoni."

Kiti kikapewa fundi mitambo. Anayezunguka sasa ni Kamusi, kwa miguu, mtaa kwa mtaa, mzigo kichwani, akiita Tulia, Tulia, mpaka koo linakauka. Hajatokea mteja hata mmoja wa kulicheka jina. Wanamcheka yeye.