Chuya Moja Imeninyima Jukwaa la Iringa

Jamani, leo nimeaibishwa na punje ya mpunga. Mimi, mwalimu wa fizikia, hapa hapa Soweto, Mbeya, mchana kweupe.

Shule inapeleka mtoa mada mmoja kwenye maonyesho ya sayansi Iringa. Mada ni nyota kubwa zinazovuliwa maganda kabla hazijalipuka. Nilishajiteua. Nilishawapigia wakwe zangu wa Ipogolo, huko huko Iringa, waje wanione jukwaani (baba mkwe hajawahi kuniona mtu wa maana).

Kumbe Madam Atu naye anaitaka nafasi hiyo. Huyu anafundisha kemia, kakulia Rujewa kwenye mashine ya mama yake ya kukoboa mpunga. Nikacheka kimoyomoyo. Mtu wa pumba na nyota wapi na wapi!

Tukaitwa kwa Mkuu wa shule tujieleze. Madam akatandika bango lake mezani, akaanza, kwa sauti ya kuogopa kuamsha mtoto. Nyota hizo, akasema, hupoteza tabaka la nje la haidrojeni, nyingine hata heliamu iliyo chini yake. Ila huenda yakabaki mabaki kidogo, tusiyoyaona kirahisi kwenye mwanga wake. (Huenda! Mwanasayansi gani wa huenda?) Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikalikata neno "mabaki" kwenye bango lake. Nikamwambia kisichoonekana hakipo.

Kisha nikaleta ungo wangu wa mchele, daraja la kwanza, nimeuchagua mwenyewe jana. Nikaeleza: mpunga ndiyo nyota, ganda ni haidrojeni, pumba laini ni heliamu, mashine imevua vyote. Nikamwomba Mkuu atafute ganda hata moja. Akavaa miwani, akainamia, hakuona.

Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu huu! Nikajaza kiganja, nikabwia mchele mbichi, nikautafuna huku nikimkazia macho Madam.

Kitu kikanichoma ufizi. Nikajaribu kutabasamu, machozi yakanitoka. Mate na mchele vikamwagikia tai. Nikajichokonoa kwa kalamu ile ile, midomo ikawa myeusi tii.

Madam akaniambia nifungue mdomo, kama mtoto wa chekechea. Akachomoa kwa kucha. Chuya! Punje nzima na ganda lake. Akaiweka kwenye bango, juu ya neno nililolikata.

"Pole, Mwalimu. Hata mashine ya mama huacha chuya. Hatukuiona, lakini ilikuwemo."

Mkuu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya ufizi. Akasema Madam ndiye atakayetoa mada. Ila mfano wa mchele kaupenda, kwa hiyo na mimi nitaenda, kushika ungo.

Basi mlioko Ipogolo, mkimwona baba mkwe mwambieni safari ipo pale pale. Atazame vizuri nyuma ya Madam, ataniona. Kidogo tu, kama mabaki.